Mali kauli kwanza

Shaabani ya mwaka jana ilinikuta na madeni sita na sufuria mbili. Nilikaa chini na daftari usiku mmoja, watoto wamelala, nikaanza kuyaorodhesha. Mawili nilikuwa nimeyasahau kweli. Moja nilikuwa najitia kulisahau, na hilo ndilo lililokuwa na tarakimu ninazozijua kwa kichwa.

Napika mabuyu na achari za maembe nyumbani kwangu Kisauni, Mombasa, na Ramadhani ikikaribia nachoma manda za sambusa. Sina kazi nyingine. Hesabu ya usiku ule ilikuja hivi: shilingi 14,200 kwa mzee wa soko la Kongowea anayenipa mabuyu na sukari; 20,000 za mchezo wa akina mama, kwa kuwa zamu yangu nilipokea mapema na zilibaki wiki ishirini za kutoa elfu moja kila Ijumaa; 10,000 za dadangu; na 23,500 zilizotapakaa katika programu tatu za mikopo ya simu. Jumla 67,700. Nikafunga daftari nikaenda kunywa maji.

Kila niliyemtaka ushauri aliniambia neno moja: anza na deni lenye riba kubwa. Hesabu yao haina kasoro, na mimi hesabu sikupata kuiogopa. Ukikopa 5,000 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, unarudisha 5,375. Ukilipa kisha ukakopa tena mwezi wa pili, na wa tatu, hadi mwaka ukaisha, utakuwa umetoa 4,500 za ada peke yake, na zile 5,000 bado ziko shingoni. Hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka. Mzee wa Kongowea hatozi hata ndururu. Kwa hiyo, wakasema, simu kwanza, mzee atangoja.

Nikafanya kinyume. Na ningerudi Shaabani ile leo, ningefanya vilevile.

Asiyefanya biashara ya mkono kwa mdomo huenda hajui mali kauli ni nini hasa. Unachukua gunia kwa ulimi wako, unalipa ukishauza. Mzee hakuulizi kitambulisho, hakuulizi kama jina lako limepelekwa CRB, kule wanakoweka kumbukumbu za wakopaji, hataki hati ya nyumba ya mtu. Anakutazama, anakumbuka mara ya mwisho ulirudi lini, anaandika kwenye daftari lake la mistari. Ukichelewa hakutumii ujumbe. Mara ya kwanza atakupa gunia kamili na kukuuliza hali ya watoto. Mara ya pili nusu. Mara ya tatu atakwambia mabuyu hayajafika, na wewe unayaona nyuma yake yamerundikwa hadi darini. Hapo jua umefungiwa, na sokoni mtu akikufungia jirani yake anajua kabla ya adhuhuri.

Mfanyakazi wa kuajiriwa ana karatasi ya mshahara ya kuonyesha benki. Mimi nina neno langu kwa mzee yule, basi. Programu ikinifungia nimekosa elfu tatu, nne. Mzee akinifungia sufuria haipandi motoni, na sufuria isipopanda simlipi mzee wala programu wala dada. Mapendekezo yale ya riba kubwa kwanza yameandikwa na mtu ambaye pesa zinamjia tarehe moja kila mwezi, awe na deni asiwe nalo. Mimi zangu zinatoka kwenye gunia.

Kuna aliyeniambia: basi lipa simu, halafu mabuyu ununue taslimu kidogo kidogo. Mtu huyo hajapika mabuyu mwezi wa Mei. Masika yakikolea hapa Mombasa hewa yenyewe unaweza kuikamua. Shira umeipika vizuri, sukari imerudi kuwa chembe, mabuyu yamekauka yanalia kama kokoto. Ukiyaacha wazi saa mbili yamelowa. Yanashikana, rangi inatoka kwenye vidole, wenye maduka wanayarudisha, na wateja wa Nairobi wanakutumia picha za mifuko iliyogeuka uji mwekundu. Mauzo yangu ya Mei huwa nusu ya Februari. Simu haijui masika. Siku 30 ni siku 30. Mzee anajua, maana magunia yake mwenyewe yanapata unyevu na anayahamisha kila siku kama mgonjwa.

Jambo lililonimaliza kuliko ada, lakini, lilikuwa laini ya simu. Nilikuwa na moja tu, ya nyumbani na ya biashara. Kuna ule mkopo unaojazia pesa zikipungua, ambao hujilipa wenyewe pesa zikiingia. Mteja wa Mtwapa ananitumia 2,500 za oda ya harusi, nasikia mlio, nafungua, nakuta mia nne. Zilizobaki zimekwenda kulipa unga na tokeni za stima za wiki iliyopita. Sasa oda ninayo na sukari sina. Nifanyeje? Nakopa kwingine ninunue sukari. Nilizunguka hivyo kama miezi saba nikidhani shida yangu ni matumizi mabaya, kumbe nilikuwa nalipa deni la tumbo kwa mtaji wa mtu. Nilinunua laini ya pili kwa shilingi chache, nikawapa wateja namba mpya, na hiyo siigusi kwa kitu chochote kisichoingia sufuriani. Nashangaa jambo dogo hivi lilinichukua muda mrefu kuliona. Hata leo nikilikumbuka najitukana kimoyomoyo.

Halafu kuna hili la kufanya kazi nyumbani, ambalo nina maneno nalo.

Ukiwa na duka barabarani, watu wanajua uko kazini. Ukiwa jikoni kwako, wewe "uko nyumbani tu". Jirani atakuletea mtoto umwangalizie, anakwenda mara moja feri, atarudi. Anarudi magharibi. Wifi anapita kukusalimia saa nne asubuhi, shira iko karibu kushika, nawe huwezi kumwambia ngoja kwa kuwa adabu haina saa za kazi. Shira ikizidi dakika mbili imeungua, na kilo sita za sukari haziokoki. Sukari hiyo ni mali kauli. Kwa maneno mengine, salamu ya wifi nimeilipa mimi kwa mzee. Nimejifunza kusema "karibu, keti hapa jikoni, shika mwiko". Wengine wanashika na kazi inakwenda kwa hadithi. Wengine hawakurudi asubuhi tena, na wallahi sikuwatafuta.

Na kuna wanaotaka kuonja. Ndugu wa damu hawanunui, wanaonja. Nilipiga hesabu ya mwezi mmoja ya vikopo vilivyotoka kwa kuonja nikakuta vinafika 1,100, zaidi ya Ijumaa moja ya mchezo. Siku hizi naweka kisahani cha mabuyu yaliyovunjika mlangoni. Kikiisha kimeisha.

Najua watakaosoma hapa na kusema mikopo ya simu ni riba na sikupaswa kuigusa tangu mwanzo. Wana haki, sina hoja ya kuwajibu. Nilikopa wa kwanza saa tano usiku mtoto ana homa, na programu ilikuwa macho kuliko jamaa zangu wote. Lakini tukilitaja hilo tutaje pia kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Aya mbili kabla yake inasema mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa. Tunawasomea hiyo wanaotudai, na hiyo ya kuandika tunairuka. Mimi nilikuwa nadaiwa mchezoni na sikuwa nimeandika nimetoa Ijumaa ngapi. Nilimtegemea mweka hazina anikumbushe deni langu mwenyewe.

Nilipoanza kuandika nikamwendea mzee na daftari langu. Tukalinganisha. Lake lilisema 13,700, langu 14,200. Mia tano alikuwa ameisahau. Nilipomwonyesha akavua miwani, akaivaa tena, akaandika. Hakusema asante, na sikutarajia. Lakini tangu siku hiyo nikipeleka mia saba badala ya elfu na mia saba hahesabu mbele yangu.

Nilimaliza deni lake kwa wiki tisa, kila Jumamosi mkononi. Wakati huo programu moja ilipoona nimechelewa ilimtumia ujumbe mteja wangu mkubwa, na mwingine kwa wifi yuleyule wa saa nne asubuhi, kwamba mimi ni mdaiwa sugu na wanishauri nilipe. Nililia. Baadaye ndipo nikajua kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kupigia au kuandikia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Ukifanyiwa hivyo piga picha ya ujumbe na ulalamike Benki Kuu. Usilipe kwa ajili ya aibu, ulipe kwa ajili ya deni. Mteja yule, kwa taarifa yenu, alinijibu kwa kuagiza kilo kumi.

Uamuzi wangu ulikuwa na bei. Kwa kuziacha programu mwisho nililipa 3,860 za ada na faini ambazo ningeziepuka, nimezijumlisha mwenyewe. Nimeikubali bei hiyo. Gunia moja la mali kauli, likipikwa kiangazi, linarudisha zaidi ya hapo. Aliye na mshahara na mkopo mmoja wa simu asinifuate mimi, alipe simu leo.

Programu zote tatu nimeshazilipa na kuzifuta. Mchezo umekwisha, na zamu mpya nimeomba ya mwisho. Limebaki la dada. Ndilo gumu, kwa sababu kila nikilitaja anasema "achana nalo, mimi si mtu baki". Huku kwetu jeneza haliondoki mpaka mtu wa ukoo atangaze kwamba anayemdai marehemu amwone fulani. Nimemfikiria dada amesimama pale, ananyamaza. Sitaki anyamaze. Nimeanza kumpelekea 1,500 kila mwisho wa mwezi, anazipokea huku amekunja uso, na mwezi uliopita nilizikuta zimerudi ndani ya mkoba wa binti yangu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kongowea. Mzee alikuwa na mzigo mpya, mabuyu makubwa, meupe, yenye unga mzito. Akaniuliza, "Mwanangu, nikutilie mawili? La pili utaleta ukiuza."

"Tia moja," nikamwambia, nikamhesabia pesa zake.

Akacheka. "Siku hizi unaringa."