Ambulensi moja, madereva watano

Hapa Uganda, mheshimiwa mbunge akileta ambulensi jimboni, sherehe huwa kamili: hema, spika za muziki, kasisi na shehe wa kuomba dua, na jina la mfadhili limeandikwa ubavuni mwa gari kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuna anayeuliza nani ataliendesha Jumapili saa nane usiku. Kwa maoni yangu, huduma ya dharura inaanzia kwenye swali hilo. Gari ni sehemu yake moja tu, tena ndiyo iliyo rahisi kupatikana.

Piga hesabu. Wiki ina saa 168. Dereva akifanya kazi saa 40 kwa wiki, kiti kimoja cha usukani kinahitaji watu 4.2. Ukiweka na likizo, maradhi na misiba, wanakuwa watano. Mhudumu anayekaa nyuma na mgonjwa naye ana hesabu ileile, watano wengine. Watu kumi kwa gari moja. Kisha fika kwenye kituo cha afya cha daraja la nne, kile kinachohudumia saza (kaunti) zima. Mara nyingi utakuta dereva ni mmoja, na ndiye huyohuyo anayesambaza chanjo, anayechukua dawa kwenye stoo ya wilaya na kumpeleka ofisa wa afya mkutanoni. Mgonjwa wa rufaa akipatikana, nyuma hupanda mkunga wa zamu, na wodi ya wazazi inabaki na nani? Ndiyo sababu mkunga husita kuandika rufaa mapema. Wengi humlaumu bure. Amewaacha wanawake wawili wenye uchungu kitandani na anajua safari ya kwenda na kurudi itamla saa tatu.

Ngazi zetu zinajulikana: wahudumu wa VHT (timu ya afya ya kijiji) kijijini, daraja la pili kwenye muluka (vijiji kadhaa), la tatu kwenye gombolola (kaunti ndogo), la nne kwenye saza (hapo ndipo panapotakiwa kuwa na chumba cha upasuaji), kisha hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa ya mkoa. Kwa watu wa Tororo na Busia, njia hiyo huishia Mbale. Kwenye karatasi ngazi hazina kasoro. Kasoro iko katikati ya ngazi na ngazi, na inaanza kabla gari halijawashwa.

Inaanza na simu. Anayepokea simu ya dharura anahitaji mambo machache, kwa mpangilio huu: uko wapi, namba ya simu unayoitumia, kimetokea nini, wameumia wangapi, mgonjwa anaitika, anapumua. Mahali ndipo panapotangulia, kwa sababu simu ikikatika baada ya hapo gari bado litajua pa kwenda. Vijijini kwetu nyumba hazina namba wala barabara hazina majina, kwa hiyo mpokeaji asiyeijua wilaya atauliza "mtaa gani?" na asipate jibu la maana. Anayeijua atauliza shule iliyo karibu, msikiti, kituo cha mafuta, kibanda cha pesa za simu, na jina la mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), maana hilo la mwisho kila boda boda wa eneo hilo analijua. Kisha atatuma mtu asimame barabarani na tochi au kitambaa. Jambo dogo, lakini usiku linaokoa dakika nyingi za kuzunguka kwenye mahindi.

Mpakani kuna tatizo jingine ambalo wapangaji walioko Kampala ni nadra kulifikiria. Malaba na Busia simu yako inaweza kushika mnara wa Kenya bila wewe kujua. Ukipiga 999 au 112 hapo, simu hupokelewa na mtandao ulioushika, na msaada utaandaliwa upande usio wako. Halafu lugha. Anayepiga simu kwenye foleni ya malori anaweza kuwa dereva kutoka Mombasa, Goma au Juba, na Kiswahili ndicho pekee anachoweza kukitumia na mpokeaji. Kituo chochote cha simu kinachohudumia barabara ile lazima kiwe na msemaji wa Kiswahili kila zamu, na wa Kiteso au Kijopadhola karibu yake. Namba nyingine fupi ya kubandika ukutani haitasaidia kitu kama anayeipokea haelewi anachoambiwa.

Sasa mafuta. Land Cruiser ya ambulensi iliyopakia hula lita moja ya dizeli kwa kilomita saba au nane. Kutoka Tororo mjini hadi Mbale hazifiki kilomita 50. Kwenda na kurudi, hesabu lita 13 hivi, bila kilomita za kumfuata mgonjwa kijijini wala injini kunguruma nje ya wodi. Rufaa tatu kwa wiki ni karibu lita 40. Kiasi hicho kinapangika. Kinachoharibu mambo ni kuweka mafuta ya ambulensi kwenye fungu moja na la ukaguzi, mikutano na kusafirisha chanjo, kwa sababu mwisho wa robo mwaka fungu hukauka na ndugu wa mgonjwa huambiwa "mchange mafuta". Mchango huo hukusanywa usiku kwa simu, jamaa mmoja mmoja, huku mama anavuja damu. Mtu akinieleza kwamba ucheleweshaji wa namna hii ni mila za watu kuchelewa hospitali, huwa namuuliza tenki lilikuwa na lita ngapi.

Ndani ya gari, kosa linalojirudia ni oksijeni. Mtungi wa lita 680, ukiufungua lita 10 kwa dakika, unadumu dakika 68. Ukiufungua 15, dakika 45. Hapo tunasema mtungi umejaa. Ukiwa nusu, unaisha mgonjwa akiwa bado njiani. Anayepokea zamu asome geji, agawe lita zilizobaki kwa lita za kila dakika, kisha atoe theluthi moja ya dakika alizopata kwa ajili ya tairi kupasuka au foleni ya malori. Spana ya mtungi ifungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe, vinginevyo itaishia gereji. Mashine ya kufyonza mate na damu ijaribiwe kwa kuwashwa, kwa sababu betri yake hufa kimyakimya. Mfuko wa kupumulia uwe na barakoa za mtu mzima, mtoto na mtoto mchanga. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo isikae kwenye droo ya gari lililoegeshwa juani; itoke kwenye friji ya kituo na kisanduku cha baridi safari inapoanza.

Yako pia mambo yasiyotakiwa kungoja gari. Mama mwenye kifafa cha mimba apewe dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti kituoni, kisha alazwe ubavu wa kushoto. Anayevuja damu baada ya kujifungua apewe oksitosini uniti 10, mji wa mimba ukandwe, njia mbili za dripu ziwekwe kabla ya kuondoka, maana kutafuta mshipa kwenye gari linaloruka matuta ni kamari. Na mtu apige simu hospitali inayopokea. Simu hiyo hurukwa kuliko hatua nyingine yoyote, ilhali ndiyo inayowezesha damu kutafutwa na chumba cha upasuaji kufunguliwa mgonjwa akiwa bado barabarani.

Kufika hospitali hakumalizi safari. Ambulensi hukwama hapo kwa sababu mbili. Kwanza machela: mapokezi hayana kitanda, mgonjwa anabaki juu ya machela ya gari, na gari haliwezi kurudi bila machela. Dawa yake ni ya bei ndogo: wilaya iache machela mbili za akiba hospitali ya rufaa, zibadilishane. Pili usafi. Uganda ilipopambana na Ebola ya Sudan kuanzia Septemba 2022 hadi Januari 2023, kila aliyebeba wagonjwa alikumbushwa kwamba gari lenyewe linaweza kusambaza ugonjwa. Damu na matapishi vifutwe, kisha klorini ya asilimia 0.5 ikae dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Kwa dawa ya dukani ya asilimia 3.5, ni kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, ichanganywe siku hiyohiyo. Dakika hizo ziandikwe kwenye ratiba ya gari. Zisipoandikwa, zitarukwa.

Tukubali pia kwamba kwa majeruhi wengi wa barabarani gari la kwanza ni boda boda au taksi inayopita. Kuwakemea hakutabadilisha hilo. Kuwafundisha kunawezekana: wilayani Iganga kulishafanyika kwa madereva wa kubeba abiria. Somo la steji ya boda boda halihitaji projekta: bana jeraha kwa kitambaa safi na viganja viwili bila kuchungulia kila dakika, damu ya mkono au mguu isipokoma, funga mkanda mpana kati ya jeraha na kiwiliwili, si kwenye kiwiko wala goti, na uandike saa, mgeuze asiyejitambua kwa ubavu, kichwa na kiwiliwili pamoja, usimnyweshe maji. Na usimkunje mwenye maumivu ya shingo katikati ya dereva na jamaa kwenye pikipiki. Pikapu inayopita ikisimamishwa, yenye godoro au hata mkeka, ni afadhali.

Mikutano ya bajeti ya wilaya hufanyika Oktoba na Novemba, na baraza huipitisha bajeti kabla ya mwisho wa Mei. Anayetaka kuuliza kuhusu ambulensi asiulize ziko ngapi. Aombe daftari la safari la miezi mitatu na atazame safu za saa: simu ilipopokelewa, gari lilipoondoka, lilipomfikia mgonjwa, lilipofika hospitali, liliporudi likiwa tayari. Pengo kati ya safu ya kwanza na ya pili linaonyesha kama dereva na mafuta vilikuwapo. Pengo kati ya mbili za mwisho linaonyesha habari za machela. Na kama safu ya saa ya kurudi iko tupu ukurasa mzima, aulize gari lilikuwa wapi.