Valvu Kung'aa Si Kipimo

Kuna fundi ambaye akishatoa valvu ya injini (ile ya chuma yenye shina, inayofungua na kufunga njia ya hewa na moshi) huifuta kwa kitambaa, huigeuza kwenye mwanga, kisha hutoa hukumu: "Hii bado nzima." Namjua vizuri, maana nilikuwa mimi. Maikromita, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, ilikuwa imelala kwenye droo, nami najivunia jicho.

Injini iliyonitia adabu ilikuwa inatoa moshi wa buluu ikiwashwa asubuhi, halafu unakatika. Nikaweka sili mpya za valvu (zile zinazozuia oili isishuke kwenye shina), nikasaga valvu zote, nikafunga hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu. Hazikupita wiki nyingi moshi ukarudi. Safari hii nikapima. Shina la valvu moja ya kuingiza hewa lilikuwa na milimita 6.97 kule juu ambako halisuguliwi. Nikashuka chini kidogo, linapopanda na kushuka ndani ya gaidi, bomba fupi linaloliongoza (jina baya, ila sisi mafundi tumeshalizoea): 6.91. Kwenye magari mengi madogo, nafasi kati ya shina jipya na gaidi yake haizidi sana 0.05. Yaani uchakavu wa shina peke yake ulikuwa umeshaipita nafasi hiyo, na gaidi nilikuwa bado sijaigusa. Shina likicheza hivyo, sili hata iwe mpya namna gani, mdomo wake unasukumwa huku na huku mpaka unalegea na oili inapita. Na ule mng'ao ulionipendeza ulikuwa wa chuma kilicholiwa.

Siku hizi anayenikera zaidi ni yule anayepima mahali pamoja tu. Shina lipimwe juu, katikati na chini, na kila mahali ligeuzwe robo mzunguko lipimwe tena, kwa sababu haliliki sawasawa pande zote. Gaidi ndiyo yenye hila. Valvu husukumwa pembeni kila inapofunguliwa, kwa hiyo gaidi huliwa zaidi kwenye midomo yake miwili na kupanuka kama tarumbeta, huku katikati bado pazuri. Ukipima katikati ukaridhika, umejidanganya kwa kifaa cha bei. Geji ya tundu dogo nayo inataka mkono mwepesi: unaipanua mpaka uhisi inakwaruza kidogo tu, unaitoa, unaisoma kwa maikromita. Mimi hurudia mara tatu. Majibu yakipishana zaidi ya 0.01, naulaumu mkono wangu kabla ya kukilaumu chuma.

Springi za valvu hazina maneno mengi: urefu, na kama zinasimama wima kando ya skwea, kile kipimo cha pembe mraba.

Hedi yenyewe inataka rula ya chuma iliyonyooka na fila, bati jembamba la kupimia mwanya: kwa urefu, kwa upana, na kona kwa kona pande zote mbili. Iwe imesafishwa masizi na mabaki ya gasketi, na iwe imepoa kabisa. Fila ya 0.05 ikipenya, fungua kitabu cha injini hiyo uone kikomo chake. Isipopenya, tafadhali iache. Sielewi desturi ya kupeleka hedi ikakwanguliwe kila inapofunguliwa, eti kwa usalama. Kila mkwanguo unapunguza chumba cha moto na kuongeza mgandamizo, na kwenye injini yenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) juu, taimingi nayo, yaani wakati wa valvu kufunguka, inasogea kidogo. Chuma kilichoondolewa hakirudi.

Sasa natoboa kipande cha katoni, nachomeka valvu kwa mpangilio wake, na kando ya kila moja naandika vipimo kwa kalamu. Mwenye ile injini alipokuja alikuwa amejiandaa kununua valvu zote nane. Nikamwonyesha katoni. Akaisoma polepole, kidole kikifuata namba.

"Mbili tu, fundi?"

"Mbili, na gaidi zake. Hizi sita zirudi kila moja kwenye tundu lake."