Makopo ya mjomba na misuli ya uzeeni

Mjomba wangu wa Wete, Pemba, ana miaka 71. Mwanawe aliyeko Muscat amemletea makopo mawili, moja la unga wa kreatini, kitu ambacho misuli hukitumia kupata nguvu ya haraka, na jengine la vidonge vya urolithini A, akamwambia vinarudisha nguvu. Mjomba akaniuliza, "Mwanangu, nile au nisile?" Kinachomsumbua ni cha kweli: siku hizi akiinuka kwenye mkeka hushika ukuta.

Baada ya miaka 30 misuli huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya 60 kasi huzidi. Ndani ya seli za misuli mna mitokondria, vinu vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu kwa msaada wa hewa tunayovuta. Navyo huchakaa, na mwili wa mzee huchelewa kuviondoa vilivyoharibika. Hapo ndipo wauza vidonge wanapopata mlango.

Kreatini naitetea. Imechunguzwa kwa miongo kadhaa, na wazee waliotumia huku wakifanya mazoezi ya kunyanyua vitu vizito waliongeza misuli na nguvu kuliko waliofanya mazoezi matupu. Kipimo cha kawaida ni gramu 3 hadi 5 kwa siku. Anayeinywa kisha akashinda barazani asitarajie makubwa. Na mwenye sukari au presha apime figo kwanza, tena amwambie daktari kwamba anaitumia, maana hupandisha kreatinini, taka ambayo madaktari huipima kujua hali ya figo, kwenye kipimo cha damu hata figo zikiwa nzima, mtu akatiwa hofu bure.

Urolithini A inanipa shida zaidi. Wazo lake ni zuri: bakteria wa tumboni huitengeneza tukila komamanga au kokwa za jozi (walnut), ingawa si kila tumbo lina bakteria hao, na huonekana kusaidia seli kuondoa mitokondria mbovu. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2022, watu wa miaka 65 na zaidi walipewa miligramu 1,000 kila siku kwa miezi minne. Misuli ya mkono na mguu ilistahimili kazi zaidi. Lakini umbali waliotembea kwa dakika sita haukupishana kwa maana na wa waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, na mzee anachotaka ni kufika msikitini.

Halafu kuna bei. Pensheni jamii ya Zanzibar ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, na hata ilipoongezwa haitoshi kununua kopo kama lile.

Nilipomuuliza anakula nini, ndipo niliposhtuka: asubuhi chai na muhogo, usiku chai na boflo. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu. Dagaa wakavu wana protini nyingi sana, ila wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi, kwa hiyo mwenye presha awaroweke, amwage maji. Choroko na kunde ziko.

Basi nikamwambia: kreatini aanze akishapima figo, vidonge vikiisha visiagizwe tena. Na kila asubuhi ainuke kitini mara kumi bila kushika kitu, mpaka auzoee na mkeka.