Mashine isome picha, lakini kosa libebwe na nani?

Wataalamu wa radiolojia, yaani madaktari wanaosoma picha za ndani ya mwili, na wanafizikia tiba, wanaohakiki dozi za mionzi, wakiomba akili mnemba iwekewe masharti kabla ya kuingia hospitalini, wengi huwasikia vibaya. Huonekana ni watu wanaochelea unga wao kumwagika. Dhana hiyo ilipaliliwa mwaka 2016, pale Geoffrey Hinton, mmoja wa mabingwa wa teknolojia hiyo, aliposema vyuo viache kufundisha wataalamu wa radiolojia kwa kuwa ndani ya miaka mitano, pengine kumi, mashine zitakuwa zimewapita. Wataalamu bado wapo na bado hawatoshi, ila shutuma imewaganda.

Upande unaotaka mashine ziingie haraka una hoja nzito, na si vizuri kuipita juu juu. Nchini Uswidi, jaribio la MASAI liliwahusisha wanawake zaidi ya 80,000 waliopigwa picha za matiti. Kwa kawaida huko kila picha husomwa na wataalamu wawili. Akili mnemba ilipoamua picha ipi isomwe na mmoja na ipi na wawili, kazi ya kusoma ilipungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa zilikuwa takriban 6 kwa kila wanawake 1,000, dhidi ya 5 kwa utaratibu wa zamani. Kwetu mfano ulio karibu zaidi ni kifua kikuu. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu za kompyuta zisome eksirei za kifua badala ya binadamu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, katika uchunguzi wa TB. Mojawapo ya programu hizo, CAD4TB, ilikuwa imeshajaribiwa gerezani nchini Tanzania miaka kadhaa kabla ya hapo. Kituo cha afya chenye mashine ya eksirei lakini kisicho na msomaji kinahitaji kitu kama hicho leo, si baada ya bunge kumaliza mjadala.

Kwenye tiba ya mionzi haja ni kubwa vilevile. Kabla mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi hajalazwa chini ya mashine, lazima mtu achore kwenye picha za CT, kipande baada ya kipande, mipaka ya uvimbe na ya viungo vya jirani kama kibofu na utumbo, ili dozi iende inakotakiwa. Kwa saratani za kichwa na shingo kazi hiyo hula saa nyingi. Programu huimaliza kwa dakika. Uingereza, kupitia NICE, taasisi yake inayotathmini tiba na teknolojia za afya, iliruhusu mwaka 2023 baadhi ya programu hizo zitumike huku ushahidi ukiendelea kukusanywa, kwa sharti kwamba mtaalamu akague kila mchoro.

Sharti hilo la mtaalamu kukagua ndilo kimbilio la kila mtu. Watengenezaji hulitaja, mawaziri hulitaja, na miongozo karibu yote inalo. Linatuliza moyo. Shida ni kwamba halibebi uzito tunaolitwisha.

Mwaka 2023 jarida la Radiology lilichapisha jaribio ambalo kwangu lingetosha kusitisha kikao chochote cha kununua programu hizi hadi lisomwe. Wataalamu 27 walipewa picha za matiti pamoja na pendekezo lililosemekana limetoka kwa akili mnemba. Baadhi ya mapendekezo yalipotoshwa kwa makusudi. Pendekezo lilipokuwa sahihi, wasio na uzoefu walipatia karibu asilimia 80 ya picha. Lilipokosea, walipatia karibu asilimia 20. Mtu anaweza kusema hao ni wanagenzi, na mwanagenzi hufuata mkubwa. Haya, tuwatazame wale wenye uzoefu mkubwa kabisa: walishuka kutoka asilimia 82 hadi karibu 45. Hawa ni watu waliosoma picha za matiti kwa miaka mingi, walioketi wakijua kwamba wanashiriki utafiti, na bado mashine ilipopotoka zaidi ya nusu ya picha ziliwapotea. Sasa ziondoe hali za utafiti. Weka foleni ya Jumatatu, umeme unaokatika, na msomaji ambaye si mtaalamu wa radiolojia bali ni tabibu aliyepewa mafunzo mafupi. Huyo ndiye tunayesema atakuwa mlinzi wa mwisho.

Kweli, katika jaribio lile makosa yaliwekwa kwa wingi kuliko ambavyo programu nzuri ingekosea kazini. Lakini jambo hili linakata pande zote mbili. Mashine inayopatia siku zote humzoesha mtu kutotazama, na siku inapokosea hakuna macho.

Wanafizikia tiba wanayajua haya kwa njia ya uchungu zaidi, na ndiyo maana hoja yao inastahili kusikilizwa kwa utulivu. Kati ya mwaka 2000 na 2001, katika taasisi ya saratani ya taifa huko Panama, madaktari walitaka kutumia vipande vitano vya kukinga mionzi kwa baadhi ya wagonjwa, ilhali programu ya kupanga tiba ilikubali vinne tu. Wafanyakazi wakabuni njia ya kuingiza vipande kadhaa kana kwamba ni kimoja. Kwa namna moja ya kuingiza, programu ilikokotoa muda wa tiba karibu mara mbili ya uliotakiwa, na haikutoa onyo lolote. Wagonjwa 28 walipata dozi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa kwa madhara ya mionzi yenyewe. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba hesabu hazikuwa zikihakikiwa kwa mkono, kosa ambalo ni la watu. Mwaka 2004 mahakama iliwahukumu wanafizikia wawili kifungo cha miaka minne.

Programu ile haikuwa akili mnemba. Ilikuwa hesabu za kawaida ambazo mtu makini angeweza kuzirudia kwa kikokotoo. Hizi za leo hata mtengenezaji wake hawezi kukueleza kwa nini zimechora mpaka hapa na si pale. Mkenya Judy Gichoya, mtaalamu wa radiolojia aliyesoma Chuo Kikuu cha Moi na sasa yuko Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulioonyesha kwamba programu huweza kutambua asili ya mgonjwa, Mweusi au Mzungu, kutokana na eksirei peke yake, jambo ambalo wataalamu hawaliwezi. Watafiti walijaribu kutafuta inalionaje, wasipate. Mwanafizikia anapouliza "nikisaini mpango huu, nasaini nini hasa?" haulizi kwa sababu ya mshahara.

Sheria zilizopo zinaugusa mjadala huu pembeni. Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza Agosti 2024, imeutaja waziwazi mwelekeo wa binadamu kuiamini mashine kupita kiasi, na hilo ni zuri. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine bila binadamu. Ila mtu akishabonyeza "kubali", binadamu ameshakuwepo. Nchini Tanzania, mamlaka ya dawa na vifaa tiba (TMDA) inasajili vifaa tiba, tume ya nguvu za atomiki (TAEC) inasimamia usalama wa mionzi, na taarifa za mgonjwa zinalindwa na sheria ya mwaka 2022. Kila mmoja ameshika kipande chake. Kinachonitia wasiwasi ni kinachotokea baada ya programu kusimikwa hospitalini, kwa sababu haibaki ilivyokuwa siku ya kusajiliwa.

Programu za TB hutoa alama, kwa kawaida kati ya 0 na 100, na kituo huchagua alama ambayo kuanzia hapo mtu anapelekwa kupima makohozi. Toleo jipya likija, picha ileile yaweza kupata alama tofauti. Kituo kisiporekebisha kiwango chake, kitaanza kuwarudisha nyumbani wagonjwa, au kujaza maabara watu wenye afya njema, na hakuna kengele itakayolia. Utafiti mkubwa uliofanyika Dhaka ulionyesha programu tano zikiwapita wasomaji binadamu, lakini zikififia kwa wazee na kwa waliowahi kuugua TB. Fikiria wachimbaji wa Geita au Mererani, wenye vumbi la miamba mapafuni na makovu ya TB ya zamani. Hao ndio tunaowatafuta, na ndio mashine inaweza kuwasoma vibaya.

Kwa hiyo sioni sababu ya kupiga marufuku, wala ya kusubiri sheria kamilifu. Ninachokiona ni kwamba wanaoomba udhibiti wanaomba jambo dogo kuliko tunavyodhani: programu ijaribiwe kwa picha za hapa kabla ya kumgusa mgonjwa wa hapa, na ijaribiwe tena kila toleo linapobadilika. Pingamizi kubwa ni kwamba kituo kisicho na mtaalamu hakiwezi kufanya jaribio la namna hiyo. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hiyo ifanywe mara moja kwa niaba ya nchi nzima, na hospitali za Muhimbili na Ocean Road kwa Tanzania, au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa Kenya, zikitumia akiba ya picha ambazo majibu yake yanajulikana. Ni kazi ya wiki, si ya miaka, endapo akiba hiyo itakuwa imeandaliwa.

Lililo gumu zaidi liko kwenye mkataba. Mara nyingi programu huja na mradi wa mfadhili, bure kwa muda, na hospitali husaini ilichopewa. Mkataba uandike kwamba toleo halibadilishwi bila taarifa, kwamba mteknolojia wa zamu anaweza kuizima bila kuomba ruhusa ya mtu, na kwamba kosa likitokana na programu yenyewe, muuzaji naye ataitwa mahakamani. Wauzaji watasema masharti hayo yatapandisha bei. Huenda. Lakini gharama ya hatari hiyo ipo tayari. Kwa sasa inalipwa na mgonjwa, na pamoja naye aliyesaini.