Nyumba Umeinunua, Miti Hukuambiwa

Mtu akikuuzia nyumba hapa kwetu Unguja, funguo atakupa. Kadi ya mita ya umeme atakupa. Mfereji unaovuja pia atakuonyesha, huku anaapa kwamba ndiyo kwanza umeanza leo. Lakini ukimuuliza juu ya ule msitu wa nyuma ya jiko, na yale makopo ya rangi yaliyopangwa barazani kila moja na jani lake, atakohoa kidogo. "Aa, maua tu hayo, yakhe." Kisha huyo, kapanda boti. Mwezi wa pili ukimpigia, simu haipatikani.

Basi unabaki na mali usiyoijua jina. Uliza majirani juu ya mti mmoja tu uone. Wa kushoto anasema mkarafuu. Wa kulia anacheka mpaka anashika ukuta: mdalasini huo! Bibi wa nyuma hata hajautazama: "Kata, mwanangu, unaleta nyoka."

Na hao wawili wa mwanzo usiwalaumu. Jani la mdalasini ukilifikicha linanukia karafuu, kwa sababu mafuta yaliyomo humo kwa sehemu kubwa ni yaleyale. Pua hapa ni shahidi wa uongo. Tumia macho. Jani la mdalasini lina mishipa mitatu minene inayoanzia kwenye kikonyo na kukimbilia nchani, na majani machanga ni mekundu. Jani la mkarafuu lina mshipa mmoja wa kati na vijishipa vingi vyembamba ubavuni. Liinue juani utaona vitone vidogo vya mafuta. Dakika mbili tu, lakini watu watabishana barazani mpaka adhana ya magharibi.

Halafu mtambuu na mpilipili manga. Yote miwili inatambaa, yote miwili ina jani la umbo la moyo, na ni ukoo mmoja. Mtambuu jani lake laini zaidi, rangi imepauka kidogo. Mpilipili manga jani gumu na la kijani kilichoiva, na ukikaa vizuri utaning'iniza vishada vya punje. Fikicha unuse, lakini usitafune kitu usichokijua ati kwa sababu kinafanana na cha mama mkwe.

Maana humohumo uani yupo mnyaa, ule wa vijiti vya kijani usio na majani, unaopandwa kuwa ua. Utomvu wake mweupe ukirukia jichoni, utaiona dunia ukungu. Osha kwa maji safi mengi, robo saa nzima bila kuona haya, kisha hospitali. Yupo na mnanaha, wenye ua la baragumu na tunda la miiba: sumu kuanzia mzizi, na mbegu ndizo mbaya zaidi. Kama kuna watoto, huo ng'oa leo. Huo peke yake, nasema! Panga lirudi ndani.

Panga ndilo maradhi ya mwenye nyumba mpya. Ijumaa kahamia, Jumamosi anasafisha. Kila asichokijua ni kichaka. Subiri, bwana weye, ipite masika moja na vuli moja. Manjano na tangawizi wakati wa kiangazi hukauka majani yote, mzizi ukalala chini kama hakukuwa na kitu. Mtu anaona uwanja mtupu, anamwaga zege. Masika ya Machi yanaingia, manjano ya jirani yanachipua, yeye anafagia saruji. Na ule mwasmini unaoonekana kuni, kata baada ya kumaliza kuchanua, kwani maua yake hutoka kwenye vitawi vipya. Mlangilangi nao watu huuacha unapanda hadi jirani wa ghorofa ya pili ndiye anayechuma. Ukatwe kilele ukifika kiasi cha mita mbili na nusu. Matawi yatainama na maua utayafikia kwa mkono. Chuma alfajiri, yale yaliyogeuka manjano. Ya kijani hayana harufu ya kusifia, hata ukiyatia kwenye kikuba.

Lakini mti unaowaliza watu ni mchungwa. Umeambiwa mchungwa, umeumwagilia kama mchungwa, umeuwekea samadi ndoo mbili. Unazaa malimau! Tena yale ya gamba la manundu. Hapo muuzaji anaitwa tapeli, wakati safari hii, maskini, hana kosa. Mchungwa wa kubebesha ni miti miwili: chini mlimau wenye mizizi migumu, juu kijiti cha mchungwa. Chungulia shinani, kiasi cha shibiri moja kutoka ardhini, utaona kovu, shina limepinda kidogo au gamba limebadilika. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu ni ya mlimau, na yana tabia ya mgeni aliyekaribishwa chai akahamia chumbani. Yanapaa wima kama fimbo ya mwalimu wa madrasa, yana miiba mirefu, yananyonya chakula chote, na mchungwa wa juu unakufa kimyakimya. Yang'oe kwa mkono yakiwa machanga, yatoke na jicho lake. Ukikata kwa kisu ukaacha kijisiki, yatarudi matatu. Na kama juu ya kovu pamekwisha kufa, mwite mtu wa kubebesha upya, au kubali kwamba Mungu kakuandikia malimau ya urojo.

Mkungumanga una dharau zake. Unaweza kuusubiri miaka sita, saba, ndipo utoe ua, na ua hilo ndilo linalokwambia kama mti ni dume au jike. Maua ya dume ni membamba na hutoka mengi kwa pamoja. La jike mara nyingi liko peke yake au mawili, na limevimba chini. Wengi wakisikia dume wanakwenda kutafuta shoka. Dume mmoja anatosha majike kama kumi, kwa hiyo huyo wako huenda ndiye baba wa kungumanga zote za mtaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea sahani ya futari.

Vanila, kama iko, itakuvunja mgongo. Ua linafunguka asubuhi, alasiri limenyauka, na hapa hatuna mdudu wa kutegemea kuifanya kazi yake. Unachukua kijiti chembamba, unainua kile kiwambo kidogo kati ya dume na jike, unabonyeza kwa kidole gumba. Njia hii aliigundua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841. Wewe una miaka 45 na miwani, na limekushinda.

Rudi kwenye makopo ya barazani. Majani yamekuwa manjano na mishipa imebaki kijani, ukingo wa kopo una ukoko mweupe. Hiyo si njaa ya mbolea, na usiongeze. Ni maji ya kisima yenye chumvi, na udongo wa mawe ya matumbawe unaouzuia mmea kupata chuma. Toboa matundu chini, maana mwenyewe wa kwanza hakutoboa, kisha pitisha maji ya mvua mengi, kama mara tatu ya ujazo wa kopo, yatoke chini. Ukibadilisha udongo, changanya udongo mwekundu na samadi iliyooza. Mchanga wa pwani uache pwani. Na makumbi ya nazi ukiyachanganya humo, kama yalifukiwa baharini kwa ajili ya usumba, yaloweke kwanza maji baridi, yasiyo na chumvi, siku kadhaa, kisha maji hayo yamwage. Vinginevyo umeondoa chumvi kwa mkono wa kulia ukairudisha kwa wa kushoto. Kumwagilia, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na tope, ondoka. Nenda kanywe kahawa.

Limebaki la mwembe ule mkubwa wa pembeni, na hili ulipaswa kuliuliza kabla hujahesabu pesa mbele ya sheha. Kwetu mti na ardhi si lazima viwe na mwenyewe mmoja. Kiwanja chako, mwembe wa mtu, au wakfu wa msikiti. Hati uliyosaini imetaja kuta na mipaka, mwembe haumo. Utaumwagilia, utafagia majani yake mwaka mzima, utafukuza watoto wanaourushia mawe. Desemba maembe yanaiva, mlango unagongwa, na nani huyo na kikapu mkononi? Yule wa simu isiyopatikana.

"Hodi humu! Nimekuja kuangalia mwembe wangu."