Kuhama California kwenda Texas: hesabu ya mfanyakazi wa teknolojia haiishii kwenye kodi

Mhandisi wa programu anayeishi San Jose, akipewa nafasi ya kuhamia Austin, huanza karibu kila mara na hesabu ya kodi ya mapato. California hutoza kodi hiyo kwa ngazi zinazopanda hadi asilimia 13.3 kwa wenye kipato kinachozidi dola milioni 1, ilhali Texas haitozi hata senti moja, na tangu 2019 katiba yake inakataza kodi ya aina hiyo kuanzishwa. Kampuni kubwa nazo zimekwisha kuonyesha njia: Oracle ilitangaza Desemba 2020 kwamba makao yake makuu yanahamia Austin, Hewlett Packard Enterprise ikatangaza mwezi huohuo kwamba inakwenda eneo la Houston, na Tesla ikafuata 2021. Anayetazama kwa mbali huona kuwa shauri limekwisha kuamuliwa. Mimi naona bado, kwa kuwa kodi, ambayo ndiyo inayozungumzwa zaidi, ina uzito mdogo kuliko mambo mawili yanayotajwa kwa nadra: wingi wa waajiri katika mji unaohamia, na aina ya kibali kinachokuruhusu kufanya kazi Marekani.

Hoja ya kodi hata hivyo haipaswi kudharauliwa. Mtu asiye na mwenzi wala watoto, mwenye mshahara wa dola 180,000, alilipa jimbo la California karibu dola 13,000 kwa mwaka 2024. Hizo ni fedha za kiwanja kizuri Kigamboni au Kitengela, na ni rahisi kuelewa kwa nini ndugu zetu wengi hupiga hesabu hiyo kwanza. Ila ile asilimia 13.3 inayotajwa katika kila mazungumzo haimhusu kabisa mtu huyo, kwani hata fungu la juu la mshahara wake linatozwa asilimia 9.3 tu. Zaidi ya hapo, Texas nayo ina shule, barabara na polisi wa kugharimia, na sehemu kubwa ya gharama hizo huitoa kwenye kodi ya majengo. Mwenye nyumba ya dola 450,000 katika viunga vya Austin anaweza kudaiwa dola 7,000 au 8,000 kwa mwaka, na deni hilo hupanda kadiri thamani ya nyumba inavyopanda, tofauti na California ambako marekebisho ya 1978 yaliweka kikomo cha ongezeko la asilimia 2 kwa mwaka kwenye thamani inayotozwa. Mpangaji asijione amenusurika, kwa maana mwenye nyumba hulipa kodi hiyo kutoka kwenye pango analolipokea kwake.

Kuna pia jambo linalowashtua wengi baada ya kuhama. Wafanyakazi wa teknolojia hulipwa sehemu kubwa ya ujira wao kwa hisa ambazo huwa mali yao kidogo kidogo katika kipindi cha miaka minne hivi. California huhesabu siku ulizofanya kazi ndani ya jimbo hilo kuanzia ulipoahidiwa hisa mpaka zilipokuwa zako, kisha hudai kodi kwa uwiano huo, hata kama siku hisa hizo zinapoingia mkononi mwako unakaa Texas na umekwisha kubadilisha leseni ya udereva. Kwa hiyo anayehama kwa haraka mwezi mmoja kabla ya hisa zake kukomaa haokoi kitu cha maana, na akaunti yake itaonja faida ya Texas polepole.

Faida ya kweli, kwa maoni yangu, imo kwenye nyumba. Katika San Jose na vitongoji vyake, nyumba ya kawaida ya familia huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1, na kijana aliyefika Marekani kwa masomo, asiye na wazazi wa kumsaidia malipo ya awali, anaweza kufanya kazi miaka kumi akiwa bado mpangaji wa vyumba viwili. Austin si rahisi kama zamani, kwani bei zilipaa mpaka 2022 kabla ya kushuka, lakini nyumba ya chini ya nusu milioni inapatikana, na Dallas vilevile. Kwa familia yenye watoto wawili na bibi aliyekuja kulea wajukuu, chumba cha ziada hubadilisha maisha ya kila siku kuliko asilimia yoyote ya kodi. Hapa watetezi wa kuhama wana hoja nzito, na sijasikia jibu la kuridhisha kutoka upande wa pili.

Jibu la upande wa pili linatoka kwingine, nalo linahusu siku ya kufukuzwa kazi. Kati ya Novemba 2022 na Machi 2023, Meta ilitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000 na kisha wengine 10,000, Google 12,000, Microsoft 10,000, na Amazon zaidi ya 18,000. Aliyepoteza kazi Mountain View, jirani na San Jose, aliweza kuamka kesho yake na kuomba kazi kwa waajiri wengi bila kubadilisha shule ya mtoto. Wingi huo wa waajiri haukutokea kwa bahati. California ina kifungu cha sheria, chenye asili yake mwaka 1872, kinachobatilisha makubaliano ya kumzuia mfanyakazi asiende kwa mshindani wa mwajiri wake. Ni kwa mazingira ya namna hiyo kwamba mwaka 1957 watu wanane waliweza kumwacha mwajiri wao William Shockley na kuanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor, na kutoka Fairchild zikazaliwa kampuni nyingine, ikiwemo Intel mwaka 1968. Texas, kinyume chake, huruhusu makubaliano kama hayo yakiwa na mipaka inayokubalika ya muda, eneo na aina ya kazi. Tume ya Biashara ya serikali kuu ilijaribu kuyapiga marufuku nchi nzima mwaka 2024, na ni mahakama ya shirikisho iliyoko Texas iliyoizuia Agosti mwaka huohuo. Mtu anayehama huenda akasaini, katika lundo la karatasi za ajira, ukurasa mmoja ambao California usingekuwa na nguvu yoyote.

Mwanauchumi Enrico Moretti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ameuchunguza uzito wa kukaa karibu na wenzako wa fani kupitia kisa cha Rochester, mji wa jimbo la New York uliotegemea Kodak, kampuni ya filamu za picha. Kodak ilipoporomoka kwa sababu ya kamera za dijitali, wavumbuzi wa mji huo ambao hawakuwa waajiriwa wake wala hawakushughulika na picha nao walipungukiwa na tija, kwa takriban asilimia 20 kati ya 1996 na 2007. Hawakukosea kazini, jumuiya iliyowazunguka ndiyo iliyokonda. Hicho ndicho kisa ambacho ningependa kila anayefikiria kumfuata mwajiri mmoja kwenye mji mdogo akitafakari kabla hajafungasha.

Je, Austin ni Rochester? Hapana, na tusiitie chumvi hofu hii. IBM iko huko tangu miaka ya 1960, Dell ilianzishwa mjini humo 1984, Samsung ina kiwanda cha vipuri vya kielektroniki, na Apple ina maelfu ya wafanyakazi. Dallas ina Texas Instruments pamoja na mabenki na kampuni za simu zinazoajiri wahandisi wengi kwa kazi zisizotangazwa kwa mbwembwe. Ninachosema ni kwamba mtu ahamie mji, asihamie kampuni. Aprili 2024, Larry Ellison, mwanzilishi wa Oracle, alisema kwamba Nashville ndiyo itakayokuwa makao makuu ya dunia ya kampuni hiyo. Anayeihama California kwa kuwa mwajiri wake amehama, akanunua nyumba ya mkopo wa miaka 30, amefunga ndoa na mwenzi ambaye tayari ana nauli ya kwingine mfukoni.

Kwa wahamiaji kuna mzigo mwingine ambao mwenzao Mmarekani haubebi, na waliosema kuku mgeni hakosi kamba mguuni walitabiri viza ya H-1B, ile wanayopewa wageni wenye ujuzi maalumu ili wafanye kazi. Viza hiyo imefungwa kwa mwajiri na pia kwa mahali. Tangu uamuzi wa mamlaka za uhamiaji wa 2015, mwajiri anayempeleka mfanyakazi nje ya eneo la jiji lililotajwa kwenye maombi lazima awasilishe maombi yaliyorekebishwa kabla ya kuhama, hata kama mfanyakazi atakuwa anafanyia kazi sebuleni kwake. Kibali cha ajira kinachotangulia maombi ya ukaazi wa kudumu nacho hutegemea eneo la kazi, hivyo kuhama katikati ya safari kunaweza kulazimu hatua hiyo ianze upya. Akipoteza kazi, anapewa hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Foleni ya raia wa Kenya au Tanzania ni fupi mno kuliko ya Wahindi, jambo linalofanya subira iwe na thamani zaidi kwetu. Kusubiri mwaka mmoja au miwili ukiwa mahali penye waajiri wengi ni bei ndogo ukilinganisha na kuhesabu siku 60 katika mji ambao unamjua mwajiri mmoja tu.

Kuhusu wanaofanya kazi wakiwa mbali na ofisi, nitasema kwa ufupi. Facebook ilitangaza Mei 2020 kwamba mishahara ingerekebishwa kulingana na mahali mtu anapoishi, na waajiri wengine wengi hufanya vivyo hivyo bila kelele. Amazon iliwarudisha wafanyakazi wake wa ofisini kwa siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025. Anayehama kwa kutegemea ruhusa ya meneja wake aombe ruhusa hiyo kwa maandishi, na hata hivyo asijenge juu yake.

Yapo pia mambo yasiyoingia kwenye jedwali. Dallas ina Wakenya wengi kiasi kwamba mtu hupata kanisa la ibada ya Kiswahili, duka lenye unga wa ugali, na watu wa kukaa naye msibani. Katika Silicon Valley, yaani eneo la San Jose na jirani zake, mtu anaweza kupitisha wiki nzima asizungumze Kiswahili ila kwa simu. Upande wa pili, Februari 2021 baridi kali iliangusha umeme wa Texas, mamilioni ya nyumba zikakaa gizani, na zaidi ya watu 200 wakafa kwa hesabu ya jimbo lenyewe. Yote mawili, ukarimu wa jamii na udhaifu wa gridi ya umeme, ni sehemu ya bei.

Nikiulizwa, mwenye ukaazi wa kudumu, mwenzi anayeweza kufanya kazi popote na watoto wanaohitaji nafasi, ningemwambia aende, ila kwa masharti mawili: mji uwe na waajiri watatu au wanne wanaoweza kumchukua kesho, na mwaka wa kwanza apange nyumba. Fedha za kuhamisha mizigo anazopewa na mwajiri hutozwa kodi ya serikali kuu, na mikataba mingi humtaka azirudishe akiondoka kabla ya mwaka mmoja au miwili. Mpangaji huweza kuvunja mkataba wa pango kwa hasara ya miezi michache, lakini mwenye nyumba aliyenunua wakati bei ziko juu hulazimika kuvumilia pale alipo. Mwenye H-1B ambaye maombi yake ya ukaazi bado yako mezani, ningemshauri alipe ile karibu dola 13,000 kwa California kwa mwaka mmoja zaidi, na aiandike kwenye daftari lake kama bima.