Gambuti Zilivyonigomea Ukweni

Kabla hamjacheka, jueni kwanza kwamba mimi nimekulia Tanga. Baridi niliyoizoea ni ile ya maji ya mtungi. Sasa nina miaka minne Arusha, na kila ukifika mwezi wa saba nashangaa upya: manyunyu tangu alfajiri, Mlima Meru na mita zake zote 4,566 umejifunika wingu wiki nzima kama mgonjwa wa malaria, na pua yangu naiona kama nimeiazima kwa mtu.

Kwa hiyo shemeji yangu aliponiambia, "Shemeji, Jumamosi alfajiri twende Duluti tukavue perege, halafu tupitie nyumbani, mama anapika loshoro," mimi nilisikia neno moja tu. Alfajiri.

Duluti si mbali. Ni ziwa dogo lililokaa ndani ya kreta pale Tengeru, limezungukwa na msitu, na asubuhi ukungu ukishaingia mle hautoki mpaka utake wenyewe. Kwamba samaki wangenishinda, hilo nililijua. Ila nilijiapiza kuwa miguu yangu hailowi wala haipati baridi, liwalo na liwe.

Nikaenda mitumba ya Kilombero, nikanunua gambuti namba 42. Mimi navaa 42. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, maana nilipanga kuvaa soksi jozi tatu, na soksi tatu hazina namba. Bado nikaona haitoshi. Mpira ukitoboka je? Nikawaza mfuko wa rambo ndani ya kiatu, lakini rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hii mifuko mbadala ya kitambaa ukiitia maji inayachuja kama tui. Kilichobaki ni mfuko wa mkate. Wiki ile nyumbani tulikula mkate asubuhi, tukala mkate usiku, mke wangu akauliza kama nimeachishwa kazi. Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu mifuko.

Jumamosi saa kumi na moja nikavaa: soksi tatu za pamba, mifuko miwili kila mguu, kisha nikasukuma mguu ndani ya gambuti kwa msaada wa mwiko. Nilipopiga hatua, chakachaka, chakachaka. Shemeji akanitazama. "Shemeji, umebeba nini?" Nikamwambia sijabeba kitu.

Pale ziwani tulimkuta mzee mmoja ameshatupa mshipi wake. Amejifunga blanketi, miguuni kandambili. Kandambili! Chini ya nyayo ametandika majani makavu ya mgomba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anatazama miguu yangu, kisha akarudisha macho kwenye chelezo chake. Kama daktari aliyeona ugonjwa ila hakuitwa kutibu.

Nusu saa ya kwanza nilikuwa mfalme. Miguu ilipata moto mpaka nikafungua zipu ya koti. Halafu nikasikia unyevunyevu. Nikadhani gambuti imetoboka, nikainua mguu, nikakagua: nzima. Kumbe yale maji hayakutoka ziwani, yalitoka kwangu mimi mwenyewe. Mfuko unaozuia maji kuingia unazuia na jasho kutoka, na soksi ya pamba ikishalinywa jasho hailiachii, inabaki nalo hapohapo hadi lipoe. Juu ya hapo soksi tatu zilikuwa zimeukaba mguu kama nyoka, damu ikawa inafika kwenye kisigino na kugeuza. Saa moja na nusu nilikuwa sina vidole. Yaani nilijua vipo, kama unavyojua una ndugu Mwanza.

Mzee akaingia majini mpaka kwenye vigimbi kunasua ndoano yake, akatoka, akajifuta miguu kwa kitambaa taratibu kabisa, akachomoa kifuani soksi nene ya sufu, kavu, yenye joto la mwili wake, akavaa. Hakusema kitu. Ningependa kusema nilijifunza hapohapo, lakini wakati huo huo chelezo changu kilizama.

Niliruka. Tatizo la kuruka kwa miguu usiyoisikia ni kwamba hujui umetua wapi. Nilitua kwenye tope, nikateleza, nikaingia ziwani mpaka magotini, na maji yakamiminika ndani ya gambuti kwa juu. Na niwape sifa wale waoka mikate: ile mifuko haikuvuja hata tone. Maji yote yaliyoingia yalikaa humo humo, salama.

Perege niliyemdhania alikuwa gogo.

Tukakunja mishipi. Shemeji ana perege saba, mimi nina lita kama mbili. Nilijaribu kuzivua gambuti palepale, zikakataa. Soksi zilikuwa zimevimba kwa maji, na kila nikivuta, mfuko unanyonya mguu kurudi ndani. Shemeji akasema twende tu, nyumbani tutapata nguvu kazi.

Na nguvu kazi tuliipata. Mama mkwe alikuwa na wageni, akina mama wa jumuiya, wameenea sebuleni kwenye zulia jipya. Nyumba ile huingii na viatu. Nikasimama mlangoni kama mdai.

"Karibu, baba, mbona husogei?"

"Ahsante mama, napunga upepo." Upepo, mwezi wa saba!

Shemeji akanisaliti, akaeleza yote. Nikakalishwa kwenye kigoda kizingitini, yeye akashika kisigino, jirani akanishika kwapani, mama mmoja wa jumuiya akahesabu moja, mbili, tatu. Gambuti ikatoka kwa mlio ambao siwezi kuuandika hapa, shemeji akaanguka nyuma nayo, na mguu wangu ukabaki hewani ndani ya mfuko wa mkate, picha ya ngano mbele, maji ya Duluti yanacheza ndani. Kukawa kimya.

Bibi yake mke wangu, ambaye macho hayaoni vizuri, akasema kutoka pembeni, "Ahaa, mkwe kaja na mkate. Uwekeni mezani."

Ndipo mfuko ukapasuka. Zulia lilikunywa lita moja. Ya pili tuliiwahi.

Loshoro nililila nikiwa nimeviringishwa kanga ya mama mkwe miguuni, nikarudi mjini na sendo zake za maua, ndani ya daladala iliyojaa kwelikweli kwa kuwa Jumamosi ni siku ya gulio la Tengeru, ndizi mapajani, kila abiria anaangalia chini. Gambuti niliziacha. Mama mkwe alisema zijazwe magazeti zikauke taratibu. Shemeji akaona ni uvivu, akaziweka karibu na jiko la mkaa. Moja iliyeyuka ikakunja kidole kama inamwita mtu.

Mwezi wa nane tulialikwa tena. Nilivaa ndala, soksi kavu za sufu nimezificha kifuani. Hakuna aliyenikumbusha lolote, wote wakarimu, shikamoo na marahaba kama kawaida. Ila pale mlangoni, kando ya viatu vya watu, palikuwa na beseni.